"Anapumua, lakini anakoroma": uchambuzi wa simu moja ya dharura

## Kwa nini tunairudia simu hii

Katika miaka niliyofundisha wapokea simu za dharura, hakuna simu niliyoisikiliza mara nyingi kama hii. Haikuwa na ajabu yoyote. Mzee kaanguka, binti yake kapiga simu, mpokea simu kauliza maswali aliyofundishwa kuuliza. Aliyemfundisha ni mimi.

Jina la kituo, majina ya watu na mahali nimeyaondoa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Muda ulioandikwa unahesabiwa tangu simu ilipopokelewa, kwa dakika na sekunde, kama rekodi inavyoonyesha. Mpokea simu mwenyewe ameusoma uchambuzi huu, akanisahihisha mahali pawili, na akakubali utumike kufundishia.

## Kituo na waliokuwa zamu

Kazi kituoni imegawanywa kama ilivyo katika vituo vingi. Mpokea simu anazungumza na mpigaji huku akiandika kwenye kompyuta. Mtuma magari, aliye meza ya pili, anayaona maandishi hayo yanavyoingia na anaweza kulituma gari kwa redio simu ikiwa bado inaendelea. Msimamizi wa zamu anaweza kujiunga na simu yoyote na kusikiliza bila mpigaji kujua.

Kila mpokea simu ana kadi ya maswali, siku hizi iko kwenye skrini: mahali, namba ya kukupigia ikikatika, kumetokea nini, ana fahamu, anapumua kawaida. Maswali mawili ya mwisho ndiyo lango. Hana fahamu na hapumui kawaida, basi unaanza kumwelekeza mpigaji abonyeze kifua, papo hapo, bila kuuliza kingine. Utaratibu wa kadi za namna hii ulianza kujengwa na daktari Jeff Clawson huko Salt Lake City, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, na King County katika jimbo la Washington walikuwa miongoni mwa wa kwanza kumfundisha mpokea simu aelekeze ubonyezaji wa kifua kwa simu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hatukuwa tunafanya jambo jipya usiku ule. Tulikuwa na chombo kilichojaribiwa kwa miaka mingi.

Mpokea simu alikuwa katika wiki ya nne tangu aanze kukaa mezani peke yake. Kabla ya hapo alikuwa na wiki tatu za darasani na wiki mbili za kukaa pembeni mwa mkongwe. Mwepesi wa kuandika, sauti tulivu, na katika mtihani wa mwisho hakukosea kadi hata moja. Nilimpa alama za juu. Nitarudi kwenye alama hizo.

## Simu ilivyokwenda

Simu iliingia baada ya saa sita usiku. Neno la kwanza la mpigaji halikuwa jibu la swali lolote: "Baba ameanguka! Baba!"

Mpokea simu hakupoteza mwelekeo. "Nakusikia, dada. Niambie uko wapi ili nitume gari." Mpigaji akasema yuko nyumbani. "Nyumbani ni wapi? Nitajie mtaa na namba ya nyumba." Mpigaji akataja mtaa na namba bila kusita, mpokea simu akavirudia kwa sauti, mpigaji akathibitisha. Ilikuwa 0:31.

0:36. "Ana fahamu? Anakuitika ukimwita?" Jibu: hapana.

0:41. "Anapumua?"

"Ndiyo… anapumua, lakini anakoroma."

Kwenye skrini, kisanduku cha "anapumua" kikawekwa alama ya ndiyo. Kompyuta ikaliweka tukio kundi la mtu aliyezimia lakini anapumua, yaani daraja la pili la uharaka, gari moja. Mtuma magari akalitoa gari 1:08. Mpokea simu akaanza kutoa maelekezo ya kundi hilo: mlaze ubavu, usimpe chochote mdomoni, mwangalie mpaka gari lifike.

Sasa hapa ndipo inapobidi kusikiliza rekodi kwa hedifoni, chumba kikiwa kimya. Nyuma ya sauti ya mpigaji kuna sauti nyingine. Inasikika 0:46: mkoromo mmoja mzito, mfupi, kama mtu anayevuta hewa akiwa amefumbwa mdomo. Inasikika tena 0:58. Kisha 1:13. Kisha 1:35. Ukihesabu, kati ya wa kwanza na wa pili ni sekunde 12, kati ya wa pili na wa tatu ni 15, kati ya wa tatu na wa nne ni 22. Baada ya hapo hakuna tena.

1:54. Mpigaji, kwa sauti iliyoshuka kidogo: "Ameacha kukoroma. Sasa ametulia."

"Vizuri, dada. Endelea kumwangalia hivyo hivyo."

2:05. Mtuma magari anaandika kwenye dirisha la ujumbe: *anwani hailingani na ramani*. Simu ya mpigaji ilikuwa ikionyesha duara kwenye ramani lililo mbali kabisa na mtaa alioutaja. Mpokea simu akauliza swali zuri kuliko yote ya usiku ule: "Dada, hapo ni nyumbani kwako au kwa baba?" Ilikuwa kwa baba. Anwani ikasahihishwa 2:24. Gari la kwanza lilikuwa limeshaelekea kusiko. Mtuma magari akatoa lingine lililokuwa karibu zaidi na kulirudisha lile.

Kutokana na vurugu ya anwani, msimamizi wa zamu alijiunga na simu kusikiliza. Hakusikia mkoromo, maana haukuwapo tena. Alisikia neno "ametulia" katika maelezo ya mpigaji, akamwandikia mpokea simu kwenye karatasi: *Kifua kinapanda? Mwambie aseme "sasa" kila anapovuta pumzi.*

2:38. "Dada, weka mkono juu ya tumbo la baba. Kila anapovuta pumzi niambie 'sasa'."

Kimya. Saa ya ukutani inasikika. Sekunde 11. Kisha: "Hakuna… hakuna kitu."

2:52. "Baba hapumui. Tunaanza kumbonyeza kifua, mimi na wewe, sasa hivi. Weka simu kwenye spika, iweke sakafuni. Mlaze chali."

Mbonyezo wa kwanza ulikuwa 3:22.

## Maamuzi na sababu zake

Baadhi ya maamuzi ya usiku ule yanastahili kuangaliwa peke yake, kwa sababu yalifanywa na watu makini waliokuwa na sababu.

Mpokea simu aliweka alama ya ndiyo kwa sababu aliambiwa ndiyo. Nilipomuuliza siku tatu baadaye kama alisikia ule mkoromo, alinijibu, "Nilisikia. Niliuchukua kuwa ushahidi kwamba anapumua." Mkoromo haukumpita. Aliusikia akautafsiri, na tafsiri yake ni ile ambayo mtu yeyote angekuwa nayo ambaye hajawahi kuelezwa vingine.

Mtuma magari hakungoja mpokea simu amalize ndipo ataje tatizo la anwani, wala hakupaza sauti chumbani. Aliandika maneno manne. Kituo kina utamaduni wa kutomkatiza mpokea simu aliye katikati ya maelekezo, na utamaduni huo ni mzuri, lakini unaweza kugeuka woga. Safari hii haukugeuka.

Msimamizi angeweza kuichukua simu. Alikuwa na haki na uzoefu. Aliamua kupitisha karatasi, na aliponieleza sababu alisema mpigaji alikuwa ameshaishika sauti ile ya kwanza. Kumletea sauti mpya katikati kungempotezea sekunde za kuanza upya kuaminiana. Nakubaliana naye kabisa. Zaidi ya hayo, mpokea simu aliyenyang'anywa simu mbele ya wenzake anabeba jeraha ambalo halitoki mapema.

## Matokeo

Kuanzia 3:22 simu ile ni mfano bora, na ninaifundisha hivyo. Mpokea simu alihesabu kwa sauti, "moja, mbili, tatu, nne", akimfanya mpigaji ahesabu pamoja naye. Mwanzoni mwendo ulikuwa kama 90 kwa dakika. Dakika moja baadaye alikuwa ameshaupandisha hadi kati ya 110 na 115. Kwa mtu mzima unatakiwa uwe kati ya 100 na 120, kina cha sentimita 5 bila kuzidi 6, na kifua kiachwe kirudi juu kila mara. Karibu dakika ya sita mpigaji alilia kwamba amechoka, mikono haiwezi. "Najua umechoka. Usiache. Hesabu na mimi: moja, mbili…" Mpigaji akasema tena. Akajibiwa kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Akasema mara ya tatu. Akajibiwa vile vile. Kisha akaingia jirani, na mpokea simu akawapangia kupokezana kila baada ya dakika mbili bila kuacha pengo.

Wahudumu waliingia mlangoni 9:41. Moyo ulishtuliwa kwa umeme mara mbili, mapigo yakarudi, mzee akapelekwa hospitali. Alifariki siku ya tatu bila kurejewa na fahamu.

Hatuwezi kusema zile dakika mbili ndizo zilizoamua. Tunachojua ni kwamba moyo ukisimama, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kwa kila dakika inayopita bila kifua kubonyezwa wala moyo kushtuliwa. Mbonyezo ungeweza kuanza kama 1:20. Ulianza 3:22. Huo ndio ukweli, na niliusema hivyo hivyo kwa mpokea simu, bila kuupunguza na bila kumbebesha peke yake.

## Uchambuzi: pumzi ambazo si pumzi

Moyo unaposimama ghafla, shina la ubongo halifi papo hapo. Kwa dakika za mwanzo linaweza kuendelea kuamrisha mvuto wa hewa mmojammoja, wenye kelele, wenye kuachana. Mdomo unaweza kufunguka, kidevu kinaweza kucheza, na mtu wa kando anaona uhai. Hewa hiyo haitoshi kitu. Waswahili tuna jina lake la kale kuliko kadi yoyote: kukata roho. Bibi aliyeuguza wazee kitandani anaijua sauti hii kwa jina lake, ilhali kijana aliyefaulu mtihani wangu hakuijua, kwa sababu nilimfundisha swali bila kumfundisha sauti.

Kadi inasema "anapumua *kawaida*?" Yeye aliuliza "anapumua?" Neno moja limeanguka, na ni rahisi kumlaumu. Lakini nilikwenda kusikiliza rekodi za mazoezi yetu ya darasani. Katika mazoezi yote mpigaji wa kuigiza alikuwa mimi au mkufunzi mwenzangu, na kila tulipoulizwa swali hilo tulijibu safi: "ndiyo" au "hapana". Hakuna hata mmoja wetu aliyekoroma. Hakuna aliyesema "lakini". Mwanafunzi aliyekuwa akidondosha neno "kawaida" alipata jibu sahihi vile vile, kwa hiyo neno likaonekana pambo. Alama za juu nilizompa zilipima kasi ya kufuata kadi mbele ya mpigaji asiyekuwepo duniani.

Mpigaji wa kweli anataka jibu liwe ndiyo. Anapoulizwa kama baba yake anapumua, anatafuta dalili yoyote ya kumruhusu kusema hivyo, kisha anaongeza kile kinachomtia shaka. Shaka yake yote imo katika neno "lakini". Tangu hapo tumeweka kanuni ambayo haimo kwenye kadi ila imeandikwa juu ya kila meza: kwa mtu asiye na fahamu, *ndiyo yenye lakini ni hapana*. Anapumua lakini anakoroma. Anapumua lakini kwa mbali. Anapumua lakini kama samaki aliyetolewa majini. Zote ni hapana, mpaka uthibitishe kwa mkono juu ya tumbo na neno "sasa".

Wanafunzi huniuliza: na tukikosea? Tukimbonyeza mtu ambaye moyo wake haujasimama? Swali la haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kutoka King County uliwafuatilia watu wa namna hiyo, waliobonyezwa kwa maelekezo ya simu kumbe moyo ulikuwa ukifanya kazi, na ukaonyesha kuwa majeraha makubwa ni nadra. Aliyebonyezwa bila haja atalalamika maumivu ya kifua. Asiyebonyezwa aliyekuwa na haja halalamiki.

Kuna tatizo la pili ambalo limejificha ndani ya la kwanza. Baada ya kisanduku kuwekwa alama, skrini zote zilizofuata zilizungumza habari ya mtu anayepumua, na mpokea simu akasikia kila kitu kupitia skrini hiyo. Ndiyo maana "ametulia" ilimfurahisha. Mtu aliyekuwa akikoroma na sasa ametulia, asiye na fahamu, ni habari mbaya kuliko zote ambazo mpigaji angeweza kuleta, na ilipokelewa kwa "vizuri". Nimeisikiliza sekunde hiyo mara nyingi sana na bado inaniuma. Kompyuta haikumkataza kuuliza tena. Haikumkumbusha pia.

## "Nyumbani"

Kosa la anwani nitalipitia kwa kifupi. Mpigaji hakudanganya wala hakuchanganyikiwa. Aliulizwa nyumbani ni wapi, akataja anwani aliyoizoea kuitaja, ya kwake. Nyumbani kwa wazazi pia ni nyumbani. Mpokea simu alirudia anwani kama alivyofundishwa, na mpigaji akathibitisha anwani iliyo sahihi ya mahali pasipohusika. Kurudia kunakamata kosa la kusikia, hakukamati kosa la namna hii. Kinacholikamata ni ramani, na duara la ramani ni la kukisia tu, linaweza kuwa pana; lakini likiwa mbali hivi na anwani, swali ni lazima. Sasa mpigaji akisema "nyumbani" tunauliza papo hapo: kwako, au kwa nani?

## Kilichofanya kazi, na kwa nini

Mpokea simu alisema "tunaanza kumbonyeza kifua, mimi na wewe". Hakusema "unaweza kumbonyeza?" wala "ungependa kujaribu?" Hili tulilifundisha makusudi. Watafiti wa lugha waliochunguza rekodi za simu za dharura za Perth, Australia, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, walikuta kwamba wapigaji hukubali zaidi wanapoambiwa kinachokwenda kufanyika kuliko wanapoulizwa utayari wao. Mtu aliyepigwa na butwaa akiulizwa kama anaweza, atajibu kwa ukweli wa hofu yake: siwezi.

Na ule mrudio wa "najua umechoka, usiache" nao ni ufundi. Maneno yale yale, sauti ile ile, bila ukali na bila kubembeleza. Mpokea simu anayebadilisha maneno kila mara anampa mpigaji jambo jipya la kupinga. Anayerudia anampa nguzo ya kushika. Darasani wanafunzi huona haya kurudia, wanahisi wanaonekana wakatili. Nawachezea dakika ya sita ya simu hii, wanaacha kuona haya.

## Baada ya hedifoni kuvuliwa

Simu ilipoisha, mpokea simu alikunywa maji na kupokea simu nyingine ndani ya dakika mbili. Hakuna aliyemwondoa mezani. Habari za kifo alizisikia siku ya tano, kwenye ujia, kutoka kwa mhudumu wa gari aliyedhani anajua tayari. Katika kisa chote hiki, hapa ndipo kituo kilipokosea bila udhuru wowote. Kosa la pumzi lina maelezo, hili halina. Kumpa mtu dakika kumi na tano na kumwambia mwenyewe matokeo, mlango ukiwa umefungwa, hakuhitaji kompyuta wala bajeti.

Aliomba likizo ya wiki mbili. Alirudi.

## Tulichobadilisha darasani

Wiki ya kwanza sasa ina saa nne za kusikiliza tu. Tunacheza sauti za kupumua: usingizi wa kawaida, pumu, kifafa, na pumzi za kukata roho, zikichanganywa na kelele za televisheni na vilio, maana ndivyo zinavyofika. Kila mwanafunzi anakaa pia upande wa mpigaji, akiwa na mwanasesere sakafuni na simu ya spika, ili ajue mwenyewe ilivyo vigumu kuangalia kifua na kujibu maswali kwa pamoja. Swali la kupumua linaulizwa tena baada ya maelekezo ya kwanza, kwa lazima, na mwigizaji haruhusiwi kujibu "ndiyo" tupu.

Siku ya nane tunacheza rekodi hii. Wanafumba macho na kuinua mkono pale ambapo wangeanza ubonyezaji. Mpokea simu wa usiku ule huwa chumbani, kwa hiari yake, ameketi nyuma. Kundi la kwanza tulilolijaribu kabla ya mafunzo mapya, mikono mingi iliinuka kwenye 2:49, mpigaji aliposema hakuna kitu. Makundi ya sasa huinua kwenye mkoromo wa kwanza, 0:46. Juzi mwanafunzi mmoja aliinua mkono mapema zaidi, mkoromo ukiwa haujasikika, na wenzake wakamgeukia wakidhani amekosea. Nilirudisha rekodi nyuma sekunde tatu. Alikuwa ameinua kwenye "lakini".